Mbwa Aliyesindikizwa Hadi Getini

Kila jioni, saa kumi na mbili kasorobo, Karani alivaa viatu vyake vya kutokea, akafunga kitambaa kichwani, akamsindikiza mbwa hadi getini.

Walitembea polepole, yeye mbele na mbwa nyuma. Walipita nyumba zetu za kanjo, yaani za baraza la jiji, zenye milango ya kijani, wakapita bomba ambapo akina mama hupanga mitungi, mpaka kwenye geti linaloelekea Barabara ya Jogoo. Hapo Karani alisimama, akamwangalia mbwa usoni, akamwambia, "Haya, asante kwa kututembelea. Wasalimie huko." Kisha aligeuka na kurudi kwake bila kutazama nyuma, maana mgeni ukishamuaga hukai hapo unamkodolea macho.

Mbwa naye alikuwa na adabu zake. Alisubiri Karani apotee nyuma ya bomba, akazunguka ukuta, akapenya kwenye tundu la fensi lililo karibu na choo cha zamani, akakimbia. Karani alipofika mlangoni pake akihema, alimkuta amelala kwenye gunia la kufutia miguu.

"Umerudi?" alimwuliza. "Umesahau kitu? Haya, karibu. Karibu ndani."

Nililiona jambo hilo kwa miaka saba. Sikuwahi kumwona Karani akicheka wakati akilifanya. Mbwa pia hakucheka. Tuliocheka ni sisi majirani, tuliokuwa tumekaa vizingitini tukijifanya tunachambua sukuma wiki.

Tulimwita Karani kwa sababu alifanya kazi hiyo mahakamani, kule Makadara, mpaka alipostaafu. Mahakama ilibaki nyuma, lakini jina lilihama naye. Hata Mchungaji alimwita hivyo, na hata watoto waliozaliwa baada ya yeye kustaafu, ambao nafikiri walidhani karani ni aina fulani ya nyanya mzaa mama.

Mimi nilikuja kwenye estate hiyo nilipomaliza darasa la nane. Nilikuja kukaa na Shangazi, aliyepakana na Karani ukuta kwa ukuta, ili nijifunze cherehani. Mpaka leo ni kazi yangu: nabadilisha zipu za nguo za mitumba kwenye kibanda kimoja Shauri Moyo. Siku ya kwanza Shangazi alinipeleka kwa Karani kunitambulisha.

"Huyu ni mtoto wa ndugu yangu," alisema. "Haongei, lakini anasikia."

Karani aliniangalia juu ya miwani. "Umefika salama, binti?"

Nilitikisa kichwa.

"Kule mahakamani," alisema, "kutikisa kichwa hakuandikwi. Mtu akisoma jalada mwaka ujao ataona nini? Ataona umeulizwa na hukujibu. Sema."

"Ndiyo," nilisema.

"Imeandikwa," alisema Karani, akaenda kutia chai.

Ndivyo alivyoongea siku zote. Chakula cha mchana hakikuchelewa nyumbani kwake, kiliahirishwa. Mvua ikimkatiza kufua, alisema kesi ya mashuka imesukumwa hadi Alhamisi. Watoto wawili wakigombania mpira, aliwasimamisha kila mmoja upande wake, akawasikiliza hadi mwisho, na kwa kawaida walichoka kabla hajatoa uamuzi, wakaenda kucheza. Alinifundisha mwandiko wake, ule wa herufi zilizosimama wima kama watu wanaosubiri kuitwa. Kila nilipoharakisha, aligonga meza kwa kidole. "Polepole. Mwandiko wa haraka huleta rufaa."

Uongo hakusema kabisa. Alikuwa amewaona watu wengi mno wakiapa. Lakini alijua kunyamaza, na mimi, ambaye kunyamaza ni kazi yangu ya pili, nilijifunza kusikiliza yale ambayo hakuyajibu.

Kwa watoto alikuwa mkali, hasa kwa mambo ya peremende. Alikuwa na meno ya kubandika juu, na aliyatumia kama ushahidi. Akimkuta mtoto anamumunya kitu, alimsimamisha.

"Una meno mangapi?"

"Sijui, Karani."

"Utajua yakianza kutoka. Tema."

Mtoto alitema. Watoto wengine, wakimwona Karani anatokea kwenye kona, walimeza peremende nzima nzima. Shangazi alikuwa akisema kwamba siku moja Karani atamuua mtoto kwa kumlinda meno.

Na mtu huyohuyo, akishaingia ndani na kufunga mlango, alichukua bakuli la bati lenye maua ya waridi, akamimina chai ya maziwa, akatia vijiko viwili vya sukari, akaipoza kwa kuimwaga kutoka kikombe hadi kikombe, akaiweka chini. Mbwa akanywa. Baada ya chai zilifuata biskuti, zilizovunjwa vipande vinne ili mgeni asipate taabu. Jumamosi ilikuwa mandazi. Jumapili, kama kulikuwa na harusi au ubatizo kanisani, Karani alirudi na kipande cha keki kwenye kitambaa cha karatasi, na si yeye aliyekila. Ijumaa ilikuwa siku ya peremende moja, iliyomenywa karatasi. Nilimwuliza mara moja kwa nini Ijumaa.

"Wiki imekuwa ndefu," alijibu.

Watoto walimwita yule mbwa Bosco, kama wanavyoita nusu ya mbwa wote wa Eastlands, upande wetu wa jiji. Alikuwa wa rangi ya chai yake mwenyewe, sikio moja limesimama na jingine limelala. Karani hakumwita Bosco. Hakumwita jina lolote. Alimwita mgeni, na hapo ndipo penye kiini cha mambo yote. Mbwa wako unampa makombo, ugali uliogandia sufuria, mifupa. Mgeni hapewi makombo. Karani alikulia magharibi ya nchi, ambako mgeni akiingia kuku anaanza kukimbia, na hakuwa tayari kuaibishwa na mtu yeyote, awe na miguu miwili au minne.

Aliyempinga waziwazi alikuwa Dereva, mzee wa nyumba ya pili, aliyeendesha lori la kanjo miaka mingi na sasa alikaa nje ya mlango wake akichonga miiko, kama walivyofanya wazee wake kule Ukambani.

"Karani," alimwita asubuhi moja, "mbwa ni mbwa. Mpe mfupa."

"Wewe ukija kwangu nakupa mfupa?"

"Mimi si mbwa!"

"Na yeye si wako. Sasa nguvu za kubishana unazitoa wapi?"

"Kwa hivyo ni wako?"

"Ni mgeni."

"Mgeni wa miaka saba, Karani? Mgeni gani huyo?"

"Shemeji yako alikuja kutafuta kazi," Karani alisema taratibu. "Alikaa miaka mingapi?"

Pale bombani akina mama walicheka hadi mtungi mmoja ukafurika. Dereva alirudi kwenye mwiko wake. Lakini baada ya muda alisema, bila kuinua macho, "Shemeji yangu sikumpa peremende." Karani akaingia ndani.

Halafu kulikuwa na ile siku ya firigisi. Mchungaji alikuja kumtembelea baada ya ibada, na Karani alichinja kuku. Nilikuwepo, kwenye kiti cha pembeni, kwa sababu Shangazi alinituma nikasaidie kuosha vyombo. Sasa, kwao Karani, firigisi si kipande tu cha nyama. Ndiyo kuku wenyewe. Humwendea mgeni wa heshima, na mtu akiikosa hujiuliza amekosea wapi. Mchungaji ni wa upande huohuo. Aligeuza nyama kwenye bakuli kwa mwiko, kwa upole kabisa, akageuza tena.

"Karani," alisema, "huyu kuku alizaliwa bila firigisi?"

"Alikuwa nayo, Mchungaji."

"Iko wapi?"

"Imeshatolewa."

"Kwa nani?"

Niliona Karani akitafuta njia ya kupita, na njia hakuna, maana hakuweza kudanganya. "Kwa mgeni aliyefika kwanza," alisema.

Mchungaji aliangalia chumba. Aliniona mimi. Mimi niliangalia chini ya meza. Mchungaji naye akainama akaangalia chini ya meza, na hapo mbwa alikuwa anajilamba, macho yamefumbwa. Siku hiyo maombi ya chakula yalikuwa mafupi. Jumapili iliyofuata Mchungaji alihubiri kuhusu mbwa na makombo yanayoanguka mezani, akimwangalia Karani kutoka mwanzo hadi mwisho. Karani ndiye aliyesema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siwezi kuacha kesi ya mabuyu. Ilikuwa likizo ya shule. Mbwa alitokea kwa kasi nyuma ya nyumba, mdomo mwekundu, ulimi mwekundu, matone mekundu yakidondoka kifuani. Mama mmoja akapiga kelele, "Ameuma mtoto! Bosco ameuma mtoto!" Mawe yakaanza kuokotwa. Karani alitoka na kijiko mkononi, akasimama mbele ya mbwa.

"Mlalamikaji ni nani?" aliuliza.

Mawe yalibaki mikononi.

"Aliyeumwa ajitokeze."

Watoto wote waliitwa. Kila mmoja alionyesha miguu, mbele na nyuma. Tulipata magoti yenye vidonda vya mpira, tukapata na mmoja ambaye hakuwa ameoga tangu Ijumaa, lakini alama ya jino haikuwepo. Dereva alikuwa anasema vidonda vingine havionekani haraka, mbwa alipokohoa, akakohoa tena, akatema kitu. Karani aliinama, akakiokota kwa kitambaa, akakiinua wote wakione. Ilikuwa mbegu ya buyu, zile zinazouzwa zimepakwa sukari na rangi nyekundu, imemumunywa hadi ikabaki nyeupe.

"Kielelezo cha kwanza," alisema. "Nani alimpa mgeni mabuyu?"

Mkono mdogo ulipanda. "Mimi, Karani. Alikuwa anaangalia sana. Nikaona ni vibaya kula peke yangu."

Watu wote walimwangalia Karani kuona atafanya nini. Yule mtoto alikuwa bado ameshika pakiti yake ya mabuyu, midomo yake myekundu kama ya mbwa. Karani aliikunja mbegu ndani ya kitambaa.

"Kesi imefungwa," alisema, akaingia ndani. Hakumwambia ateme.

Nimesema Karani alijua kunyamaza. Mimi pia kuna jambo nililinyamazia. Kwenye nyumba ya mtu huendi mikono mitupu, na mimi nilikuwa nikienda kwa Karani karibu kila siku baada ya cherehani. Nilibeba peremende mfukoni, mbili au tatu, kama zawadi. Lakini Karani hakula peremende, na mimi sikujua kumwambia mtu chukua. Basi aliponieleza kesi zake za zamani, mkono wangu uliteremka chini ya meza, na pua yenye baridi ikaupokea. Mbwa hakuniambia sema. Nilimpenda kwa hilo. Karani alidhani mgeni anapata peremende moja, siku ya Ijumaa. Kwa kweli alipata Jumatatu, Jumanne na siku zote nyingine. Tulikuwa wawili tunaomkaribisha, na kila mmoja aliamini ni yeye peke yake.

Shangazi alimwuliza Karani siku moja, mimi nikiwa naanika nguo, "Kwani Karani, si umchukue tu awe wako? Umnunulie hata mnyororo. Si anakaa kwako?"

Karani alikuwa akipanga vibanio. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili, na kimoja kilikuwa na kitanda kilichotandikwa ambacho hakikulaliwa. Binti yake alikuwa ng'ambo, amekwenda kwa kazi ya miaka miwili, na sijawahi kumwona.

"Mgeni akienda," alisema, "unamsindikiza, mnaagana, unarudi nyumbani unakula. Hivyo ndivyo ilivyo. Mtu wa nyumbani akienda, utafanya nini?"

Nilianika mashuka yote mawili kwa kamba moja, yakaburuta chini, na hakuna aliyenikemea.

Mwaka huo mbwa alianza kula upande mmoja wa mdomo. Kisha biskuti zikaanza kumshinda. Alizibeba hadi pembeni akazilaza chini, akaziangalia. Chini ya jicho lake la kushoto kulitokea uvimbe kama punje ya njegere, baadaye kama limau dogo. Karani alisema ni nyuki.

Wakati huohuo ilitangazwa chanjo ya kichaa cha mbwa, bure, kwenye uwanja wa kando ya ukumbi. Karani alikwenda na mgeni wake, akisema anamsindikiza tu kama unavyomsindikiza mtu hospitali. Nilikwenda nao. Daktari wa mifugo alikuwa msichana mdogo mwenye gambuti, amekaa kwenye kreti ya soda, na mbele yake foleni ya vijana na mbwa waliofungwa kamba za kuanikia nguo.

"Niaje, mzee," alimwambia mbwa wetu, akamfungua mdomo. Akaangalia tena kwa tochi. "Huyu anakula nini?"

"Anachopewa," alisema Karani.

"Anapewa nini?"

"Chai."

"Chai na?"

"Sukari kidogo. Biskuti. Mandazi Jumamosi."

Daktari aliweka tochi chini. "Mama, meno manne yameoza hadi kwenye mzizi. Huu uvimbe si nyuki, ni usaha. Na huu uzito, ona, mbavu hazipatikani. Anapewa na peremende?"

"Moja," alisema Karani. "Ijumaa."

"Moja kwa wiki haiwezi kufanya hivi."

Karani aliinamisha kichwa. Niliona anajihesabia makosa ambayo si yake yote. Daktari alinigeukia mimi, labda kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma ya mtu mwingine na bado nilikuwa najaribu kusogea nyuma zaidi. "Wewe pia humpa?"

Nilitikisa kichwa.

"Sema," Karani alinong'ona, bila kugeuka.

"Ndiyo," nilisema. "Mimi humpa. Kila siku. Mbili, wakati mwingine tatu. Chini ya meza. Tangu nilipokuja."

Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele za watu. Kijana mmoja kwenye foleni alisema, "Uuwi, umeangusha kesi yote." Karani alinigeukia. Nilingoja ukali. Aliniangalia tu, kama mtu anayesoma jalada na kukuta ukurasa ambao hakujua upo.

Daktari alieleza bila kelele. Mbwa si mtu mdogo mwenye manyoya, alisema. Sukari humla meno na kumnenepesha. Chokoleti inaweza kumuua, na zile chingamu za wanaoogopa sukari, zenye utamu wa bandia, ndizo mbaya kabisa. Ukimpenda, mpe ugali na omena, wale dagaa wadogo, wasio na chumvi, maji, na umkune tumbo. Meno yale manne lazima yang'olewe, kwenye kliniki, akiwa amelazwa usingizi, na haraka, kabla usaha haujaingia kwenye damu. Akatoa fomu. "Kwa sababu ya ile dawa ya usingizi, mwenye mbwa lazima aweke sahihi. Ni wa nani?"

Karani aliangalia fomu. Alikuwa amewapa watu maelfu kalamu waweke sahihi hapa na hapa.

"Ni mgeni," alisema.

"Mama, sielewi. Mwenyewe ni nani?"

"Mwenyewe simjui."

Huo haukuwa uongo, kwa hesabu zake. Daktari alisema bila sahihi hawezi kumlaza. Karani alichukua kamba, tukarudi nyumbani sote watatu.

Siku mbili mbwa hakula. Siku ya tatu, saa kumi na mbili kasorobo, Karani alivaa viatu. Shangazi alimwambia, "Leo muache, Karani, si unaona hali yake?" Karani alisema mgeni akiwa mgonjwa ndipo anapotaka kulala kwake. Wakaenda, polepole kuliko siku zote. Nilikuwa kizingitini. Nilimwona Karani akirudi peke yake, akipita bomba, akifika mlangoni.

Kwenye gunia hapakuwa na mtu.

"Umerudi?" aliuliza, kama kawaida, na sauti yake ikagonga mlango tupu.

Alisimama. Aliangalia upande wa choo cha zamani. Aliingia ndani, akatoka. Akapiga hatua mbili kuelekea fensi, akarudi kwenye gunia, kana kwamba mbwa angepita katikati bila yeye kumwona. Kisha Karani, ambaye hakuwahi kutazama nyuma baada ya kuagana na mgeni, aligeuka na kukimbia kuelekea getini, viatu vya kutokea vikipiga lami.

Nilimfuata. Mbwa alikuwa palepale alipoachwa, amelala ubavu, jicho la kushoto limefungwa na uvimbe. Alipomwona Karani alipiga mkia mara moja. Hakuwa amekwenda popote. Alishindwa tu kuzunguka ukuta.

"Kumbe uko hapa," alisema Karani, akapiga magoti kwenye vumbi na nguo yake nzuri. "Kumbe uko hapa. Na mimi nakutafuta nyumbani."

Tulijaribu kumwinua tukashindwa. Biskuti za miaka saba zilikuwa zote humo. Aliyekuja kutuokoa ni Dereva, akisukuma wilibaro aliyokuwa ameitandika blanketi lake mwenyewe. "Nilisema mfupa," alisema. "Si nilisema? Nilisema mfupa." Lakini alimwinua mbwa kwa mikono miwili kama unavyomwinua mtoto aliyelala, na njia nzima hadi kliniki, iliyokuwa vituo viwili tu kutoka kwetu, alikwepa kila shimo, yeye ambaye kwenye lori la kanjo alizoea kuruka matuta.

Daktari yule wa gambuti ndiye aliyekuwa anafunga mlango. Alifungua tena. Fomu ikaletwa. Karani aliketi, akasafisha miwani, akaandika jina lake kwenye mstari wa mwenye mbwa, herufi kwa herufi, polepole, mwandiko ambao hakuna mtu angeukatia rufaa. Kisha kalamu ikasimama.

"Hapa wanataka jina lake," alisema. Aliinua uso, akaniangalia mimi na Dereva, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameaibika. "Miaka saba anakunywa chai yangu. Sijawahi kumwuliza jina."

"Bosco," nilisema, kabla hajaniambia niseme.

"Nani anasema?"

"Estate nzima," alisema Dereva.

Karani aliandika Bosco. Akatia sahihi.

Muda mfupi baada ya hapo, Bosco akiwa bado amelazwa kliniki, Shangazi alihamia Kayole na mimi nikahama naye. Kutoka Kayole hadi Shauri Moyo ni mbali, na jioni nilifika nyumbani nimechoka. Nilikaa miezi mingi bila kwenda kwa Karani. Nilijiambia kuna kazi. Ukweli ni kwamba niliogopa mambo mawili: kwamba nitakuta gunia halina mtu, na kwamba Karani atanipokea kama mtu aliyeyaozesha meno ya mbwa wake.

Nilikwenda Jumapili moja mwezi uliopita. Nilibeba pakiti ya biskuti, maana mikono mitupu sikuweza. Bomba lilikuwa palepale, na kwenye tundu la fensi mtu alikuwa amepigilia mbao, kazi safi, ya mkono wa mchongaji. Gunia lilikuwa mlangoni na juu yake mbwa wa rangi ya chai, mwembamba, ana kiuno, uso umelegea upande wa kushoto pasipo na meno. Alininusa mfuko wa kulia, ule wa zamani, kwa kina sana. Hapakuwa na kitu. Akaniegemea miguu hata hivyo.

Karani alikuwa amezeeka kidogo mabegani. Alipokea biskuti kwa mikono miwili, akazipandisha juu ya kabati. "Hizi ni za wageni," alisema.

Niliketi kwenye kiti changu cha pembeni, nikangoja chai, kama nilivyongoja miaka yote. Alimwekea Bosco ugali na omena kwenye lile bakuli la waridi, akaketi, akaanza kumenya viazi. Muda ukapita. Niliangalia jiko, nikaangalia mikono yangu.

"Unangoja nini?" aliuliza Karani. "Chai iko kwenye sufuria. Vikombe viko pale ulipozoea kuviosha. Niletee na mimi."

Nilileta viwili. Nikanyoosha mkono kuchukua kopo la sukari.

"Ya wageni hiyo," alisema, bila kuinua macho kwenye kiazi.

Tulikunywa bila sukari. Aliniambia kesi moja ya zamani, ile ya mtu aliyeiba mlango, na mkono wangu ukateremka chini ya meza, mtupu, ukalikuta lile sikio lililolala, ukabaki hapo.

Ilipofika saa kumi na mbili kasorobo nilisimama. Kwa mazoea niliangalia viatu vyake vya kutokea, vilivyokuwa chini ya kitanda. Karani hakuvigusa. Aliendelea na viazi.

"Njia unaijua," alisema. "Utarudi lini?"

Nilitikisa kichwa upande huu na ule, kama mtu asiyejua. Kisu kikasimama juu ya kiazi.

"Jumapili," nilisema. "Nitarudi Jumapili."

"Imeandikwa."

Bosco alikuwa ameinuka. Alifika mlangoni kabla yangu, akasimama kati yangu na uwanja, akimtazama Karani, kisha mimi, kisha Karani tena. Alijua vizuri safari za saa hiyo zinavyokwisha.

"Wewe kaa," Karani alimwambia. "Si umemsikia? Amesema atarudi."